Kuandika na Kulinganisha: Somo kwa Mwenye Kushika Kalamu



Huenda ukastaajabu kuona somo la uandishi katika kurasa ambazo umezoea kusoma habari za sala, saumu na zaka. Lakini fikiri kidogo. Mtu akiingia katika dini mpya, au akianza tu kuichunguza, kazi yake ya kwanza ya nje huwa ni kuandika. Humwandikia baba yake kumweleza alilolifanya. Humwandikia rafiki yake wa shule aliyemcheka. Humwandikia mwalimu maswali yanayomkosesha usingizi. Tena siku hizi barua nyingi huandikwa kwa simu, zikafika ng'ambo kabla mwandishi hajapata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Neno la mdomo huenda likasahauliwa jioni ile ile. Bali lililoandikwa hukaa sandukuni, likasomwa tena na tena na watu ambao mwandishi hakuwadhania.

Basi nimeona yafaa tujifunze pamoja namna mswada unavyoandikwa, na namna unavyosahihishwa. Sitatunga kanuni za kichwani mwangu. Tutazama katika historia ya Uislamu, kwani humo mna mifano iliyo wazi ya watu waliochukua kalamu kwa hofu ya Mungu, na kila mfano una funzo lake.

MAANA YA MSWADA

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Neno letu la Kiswahili "mswada" limetoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni "musawwada", maana yake kitu kilichotiwa weusi. Waandishi wa zamani waliita hivyo karatasi ya kwanza, ile iliyojaa wino, mistari iliyokatwa na maneno yaliyopachikwa pembeni. Nakala safi iliyoandikwa baadaye waliiita "mubayyadha", yaani iliyotiwa weupe. Kwa hiyo kazi ya mwandishi kwao ilikuwa safari ya kutoka weusini kwenda weupeni.

Sisi tumelichukua neno la kwanza, na la pili tumeliacha njiani. Na nachelea kwamba pamoja na neno tumeiacha na kazi yake. Wengi wetu huandika mswada, kisha huo huo wakaupeleka kama ndio nakala safi. Hata Bungeni mswada wa sheria husomwa zaidi ya mara moja, ukajadiliwa na kurekebishwa, kabla haujaitwa sheria. Je, barua itakayouvunja au kuujenga udugu wa nyumba nzima haistahili kusomwa hata mara mbili?

Tena neno hili linatupa faraja. Mswada ni kitu cheusi kwa asili yake. Hakuna aibu kuwa na karatasi ya kwanza iliyochafuka. Aibu ni kuupeleka uchafu huo kwa mtu mwingine.

FUNZO LA KWANZA: AYA YA DENI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haielezi vita wala urithi. Inaeleza namna ya kuandika. Nayo ni aya ya 283 ya Sura Al-Baqarah. Katika misahafu ambayo haihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza utaikuta ni ya 282. Hapo waaminio wanaamrishwa kwamba wakikopeshana kwa muda maalumu, waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika kama Mungu alivyomfundisha. Mwenye kudaiwa ndiye asomeshe maneno, amche Mola wake, wala asipunguze chochote. Wawekwe mashahidi. Na watu wasichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake.

Tazama, ndugu yangu, jinsi aya hii inavyomfundisha mwandishi mambo manne.

(1) Aandike kwa uadilifu. Mwandishi amesimama kati ya watu wawili, na kalamu yake isielemee upande mmoja.

(2) Maneno yatoke kwa mwenye kudaiwa, yaani kwa yule ambaye maandishi yatamfunga. Hii ni hekima kubwa. Ukiandika habari za mtu au za dini ya mtu, jiulize: Je, yeye mwenyewe akisoma atakubali kwamba haya ndiyo anayoyasema? Kama unaeleza imani ya Wakristo kwa maneno ambayo Mkristo yeyote atayakana, hujaandika kwa uadilifu, hata kama hoja yako ni njema.

(3) Usipunguze. Kuacha jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua ni namna ya uongo, ingawa kila neno ulilolibakiza ni la kweli.

(4) Andika na muda. Imesimuliwa katika tarikh kwamba wakati wa ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a. zilifika barua na hati zisizojulikana ni za lini. Hati ikitaja mwezi wa Shaabani, watu wakauliza, ni Shaabani upi, uliopita au huu tulio nao? Kwa sababu kama hiyo ndipo ilipowekwa hesabu ya miaka kwa Hijra ya Mtume s.a.w. Kalenda nzima ya Waislamu ilizaliwa kwa haja ya maandishi yaliyo wazi! Lakini hata leo twapata barua zisizo na tarehe, tena zinasema "juzi" na "wiki ijayo".

Aya yenyewe inaeleza sababu ya amri hizi: kwamba kufanya hivyo ni uadilifu zaidi mbele ya Mungu, kunathibitisha ushahidi, na kunakaribisha watu katika kuepukana na shaka. Basi hiki ndicho kipimo cha maandishi mema. Usiulize kwanza kama ni mazuri. Uliza kama yanaondoa shaka.

FUNZO LA PILI: HATI YA HUDAIBIYA

Mfano wa pili ni wa kusahihisha, nao ni mzito. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, Mtume Muhammad s.a.w. alitoka Madina pamoja na masahaba wake kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia, na mahali paitwapo Hudaibiya yakafanyika mazungumzo ya sulhu. Mjumbe wa Makureshi alikuwa Suhail bin Amri, na mwandishi wa hati alikuwa Hadhrat Ali r.a.

Mtume s.a.w. alianza kusomesha: Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwingi wa ukarimu. Suhail akapinga, akisema kwamba wao hawalijui jina hilo la Rahmani, liandikwe kwa desturi yao ya zamani, "Kwa jina lako, ee Mungu." Mtume s.a.w. akakubali. Kisha yakaandikwa maneno kwamba haya ndiyo aliyopatana Muhammad, Mtume wa Mungu. Suhail akapinga tena: kama tungekiri kwamba wewe ni Mtume, tusingekuzuia kuifikia Nyumba, andika jina lako na la baba yako. Mtume s.a.w. akasema kwamba yeye ni Mtume wa Mungu hata kama wao wanakadhibisha, kisha akaamuru liandikwe "Muhammad bin Abdullah". Hadhrat Ali r.a., kwa mapenzi na heshima aliyokuwa nayo, hakuweza kujilazimisha kulifuta neno lile tukufu. Basi Mtume s.a.w. akataka aonyeshwe mahali lilipo, akalifuta yeye mwenyewe.

Ndugu msomaji, simama hapa. Neno lililofutwa lilikuwa la kweli. Tena ndilo lililokuwa kweli kubwa kuliko yote katika hati ile. Lakini hati ile haikuandikwa ili kuthibitisha utume. Iliandikwa ili kuleta amani ya miaka 10 na kumaliza umwagaji damu. Mtume s.a.w. alilitazama kusudi la maandishi, akaona kwamba neno lile mahali pale linazuia kusudi. Akaliondoa katika karatasi, wala hakuliondoa katika ulimi wake au moyoni mwake.

Hapa tunapata kanuni ambayo waandishi wengi wa dini wanaihitaji. Si kila lililo kweli lina mahali katika kila barua. Kuliacha neno si kulikana. Wewe unaloliandika ni kwa ajili ya nini? Ukishalijua hilo, kila neno lisilolisaidia kusudi lile, hata kama ni zuri, hata kama unalipenda mno, lisubiri siku yake.

Lakini angalia pia mpaka wa kanuni hii. Mtume s.a.w. hakuandika uongo. "Muhammad bin Abdullah" ni kweli. "Kwa jina lako, ee Mungu" ni kweli. Alibadilisha kweli moja kwa kweli nyingine ambayo yule wa upande wa pili aliweza kuipokea. Hakuna mahali katika hati ile alipoukana utume wake. Basi anayesahihisha kwa kuweka uongo mahali pa kweli ili kumpendeza msomaji, asijitetee kwa Hudaibiya.

FUNZO LA TATU: ALIYEANDIKA BILA KULINGANISHA

Sasa tuje katika kazi ya mikono yenyewe. Urwa bin Zubair alikuwa mmoja wa wanachuoni wakubwa wa Madina katika kizazi kilichofuata masahaba. Imesimuliwa kwamba siku moja alimwuliza mwanawe Hisham kama amekwisha andika. Hisham akajibu kwamba ndiyo. Akamwuliza kama ameilinganisha nakala yake na asili. Akajibu kwamba bado. Basi baba yake akamwambia kwamba kama ni hivyo hajaandika.

Maneno machache haya ni chuo kizima. Kwa Urwa, kuandika bila kulinganisha hakukuwa kuandika kulikopungua. Hakukuwa kuandika kabisa. Na wanachuoni wa Hadithi wakaishika desturi hiyo. Mwanafunzi aliketi na nakala yake, mwingine akasoma kwa sauti katika asili, na kila neno likapimwa. Walitia kiduara kidogo mwisho wa kila Hadithi, na ilipokwisha linganishwa wakatia nukta katikati ya kiduara kile, ili asije mtu akaitegemea Hadithi ambayo haijapimwa. Neno lililosahauliwa waliliandika pembeni mwa ukurasa na kulitia alama ya kuwa ni sahihi. Neno lililozidi walilipitisha mstari juu yake, wala hawakupenda kulikwangua kwa kisu, kwani palipokwanguliwa huleta shaka: nani amekwangua, na palikuwa na nini?

Desturi hii ina mzizi katika zama za Mtume s.a.w. mwenyewe. Zaid bin Thabit r.a., aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa wahyi, amesimulia kwamba alipokwisha andika, Mtume s.a.w. alimwamuru asome alichoandika, na kama pana kilichoanguka alikirudisha mahali pake. Hapa nataka msomaji anielewe vema. Wahyi wa Mungu haukuwa mswada wala haukusahihishwa. Kilichochunguzwa ni kazi ya mkono wa mwandishi. Basi ikiwa Zaid r.a., mtu ambaye baadaye Hadhrat Abubakar r.a. alimwamini kwa kazi ya kuikusanya Kurani Tukufu, hakuachiwa karatasi yake bila kuisoma kwa sauti mbele ya mwingine, mimi na wewe ni nani hata tuziamini za kwetu?

Kwa hiyo mswada wako usome kwa sauti. Jicho hupita haraka na kujaza pengo kwa lile linalolitarajia. Ulimi hujikwaa panapo pengo. Na ukiweza, mpe mwingine akusomee. Akisita mahali, usimweleze ulichokusudia. Andika upya mahali hapo, kwa sababu hutakuwapo kumweleza msomaji wa mbali.

FUNZO LA NNE: IMAMU SHAFII NA KITABU CHAKE

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wamelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka wa 204 Hijra (820). Lakini ni wachache wanaofikiri juu ya namna alivyoandika. Kitabu chake mashuhuri juu ya misingi ya fikihi, Ar-Risala, alikiandika mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kuhamia Misri, na mara ya pili alipokuwa Misri, hiyo ya pili ndiyo iliyotufikia. Katika mambo mengi ya fikihi pia alikuwa na kauli za zamani na kauli mpya, na wanafunzi wa madhehebu yake wanazitofautisha hadi leo.

Mtu wa namna hii alikwisha kuwa na jina kubwa. Angeweza kusema: nilichoandika nimeandika. Badala yake alipopata elimu zaidi aliirudia kalamu yake, na dunia haikumdharau kwa hilo. Imemheshimu kwa karne 12 na zaidi.

Tena imesimuliwa kutoka kwa mwanafunzi wake Muzani kwamba alimsomea Imamu kitabu cha Ar-Risala mara 80, na kila mara walikuta kosa la kurekebisha. Mwisho Imamu akasema basi, kwani Mungu hakutaka pawepo kitabu kilicho sahihi kabisa isipokuwa Kitabu Chake. Katika habari hii mna mafunzo mawili, na watu hushika moja na kuliacha la pili. La kwanza ni kurudia bila kuchoka. La pili ni kujua mahali pa kuacha. Kuna mtu ambaye hapeleki barua kwa uvivu wa kusahihisha, na kuna mwingine ambaye haipeleki kamwe kwa sababu kila siku anaona kasoro mpya. Huyu wa pili anatafuta ukamilifu ambao mwanadamu hakupewa. Ukishapima kwa uaminifu kadiri ya uwezo wako, sema Bismillahi, uipeleke.

MFANO: BARUA KWA BABA

Sasa na tufanye kazi kwa vitendo. Tuseme kijana mmoja, aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo, ameingia katika Uislamu akiwa kazini mjini. Usiku, baada ya kubishana na mtu, anamwandikia baba yake kijijini:

"Baba, nimekwisha jua ukweli. Dini mliyotulea ndani yake haina msingi, na ninyi wazee mmetupotosha kwa miaka mingi. Msinitazamie tena katika shughuli zenu. Wanachuoni wote duniani wamekubali kwamba njia niliyoishika ndiyo ya haki. Mwezi ujao nitakuja kuchukua vitu vyangu."

Huu ni mswada. Una weusi wake. Hauna dhambi madhali ungali mezani. Na tuupime kwa yale tuliyojifunza.

Kusudi la barua ni nini? Kumpa baba habari, na kubaki mwanawe. Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, aya ya 15 na 16, inamwambia mtoto awashukuru wazazi wake. Na kama watamshurutisha kumshirikisha Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Basi sentensi ya pili, ya "mmetupotosha", inazuia kusudi. Iondoke. Sentensi ya tatu imeruka mpaka: ni shughuli zipi? Kuzika jirani pia? Kumwuguza mama pia? Hakupima. Sentensi ya nne si kweli. Nani aliyewahesabu wanachuoni wote wa dunia, tena ni lini walipokubaliana? Na ya tano, ingawa huenda ni kweli, mzee ataisoma kuwa ni talaka ya ukoo. Tena barua haina salamu wala shikamoo.

Sasa, yuko mwandishi mwingine ambaye akiona makosa hayo atasahihisha kwa hofu. Ataandika: "Baba, shikamoo. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea vizuri. Nitakuja mwezi ujao." Maandishi ni safi, hayana tusi. Lakini amepunguza, na aya ya deni inakataza kupunguza. Baba atasikia habari sokoni, kisha atauliza: mwanangu aliniandikia, mbona hakuniambia? Huyu hakusahihisha mswada, ameuzika.

Nakala safi inaweza kuwa hivi:

"Mpendwa Baba, shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Ninayo habari ambayo nimeona ni haki yako kuisikia kwangu mwenyewe kabla ya kuisikia kwa watu. Kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa nikisoma habari za Uislamu, na mwezi uliopita niliingia katika dini hiyo. Sikufanya hivyo kwa ugomvi na mtu, wala kwa kusahau malezi yako. Yako mambo ambayo sitaweza kushiriki, kama vile kunywa pombe na kula nyama ya nguruwe. Lakini katika kulima, kuuguza wagonjwa na kuzika wafu wetu, mimi ni mwanao kama zamani.

Nitakuja mwezi ujao, Mungu akipenda. Uniulize lolote, nami nitakujibu kwa kadiri ninavyojua. Ni mimi mwanao."

Angalia, ndugu yangu, mambo matatu. Barua hii ni ndefu kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kusahihisha si kukata tu, pengine ni kuongeza kilichosahauliwa. Jambo gumu, yaani kwamba ameingia katika Uislamu, halikufutwa wala kufunikwa. Limesemwa wazi, kwa sentensi moja. Na ahadi zake ni zile anazoweza kuzitimiza. Huenda baba akakasirika hata hivyo. Hilo halimo katika uwezo wa kalamu. Lakini akikasirika atakasirikia jambo lenyewe, wala si tusi alilotiwa pamoja nalo. Na hasira ya namna hiyo hupoa.

JE, KUSAHIHISHA KUNAONDOA IKHLASI?

Wengine husema: "Mimi nasema yaliyomo moyoni, nikiyapanga nitakuwa mnafiki." Hoja hii inasikika vizuri, lakini haisimami. Lile linalotoka kwanza si lazima liwe ndilo lililo ndani zaidi. Mara nyingi ni hasira ya saa ile, au neno tulilolisikia kwa mwingine, au tamaa ya kuonekana tunajua. Kijana wa mfano wetu anampenda baba yake. Lakini mapenzi hayo hayakuonekana katika mswada, yalionekana katika nakala safi. Ni ipi basi iliyo karibu zaidi na moyo wake?

Tena lipo jambo ambalo anayeandika habari za dini hana ruhusa ya kulifanyia haraka, nalo ni kumnasibishia Mtume s.a.w. maneno. Ametuonya kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajitayarishie makao Motoni. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 7, inatuamuru kuichunguza habari anayoileta mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka wa 256 Hijra (870), ameeleza kwamba alikitoa kitabu chake cha Sahihi katika Hadithi zipatazo 600,000 na kukifanyia kazi kwa miaka 16. Nasi leo mtu hupokea "Hadithi" katika simu, isiyo na kitabu wala msimulizi, akaipeleka kwa watu 100 kabla ya chai kupoa! Maji yakimwagika hayazoleki. Kama hujui Hadithi imo kitabu gani, usiiandike kuwa ni Hadithi, uliza kwanza.

MAPIMO MATANO

Kwa kufupisha, mswada wako upitishe katika mapimo haya matano, kila moja kwa wakati wake, wala usiyachanganye:

1. Kusudi. Andika juu ya karatasi nyingine, kwa sentensi moja, unataka barua ifanye nini. Kisha futa kila linaloipinga sentensi hiyo.

2. Ukweli. Pigia mstari kila jina, tarehe, hesabu, aya na Hadithi. Kila ulichopigia mstari kakitazame katika asili yake. Maneno kama "wote", "kamwe" na "hakuna hata mmoja" yapigie mistari miwili.

3. Uadilifu. Soma kama kwamba wewe ndiye uliyeandikiwa, au uliyetajwa. Je, umeelezwa kwa haki?

4. Uwazi. Soma kwa sauti. Sentensi inayokukatisha pumzi igawe mara mbili. Usione haya kutumia neno la kawaida.

5. Usiku mmoja. Kama jambo si la dharura, liache lilale. Lisome asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri, moyo ukiwa umetulia.

Ukimaliza, nakili upya kwa hati safi, linganisha nakala na mswada, tia tarehe na jina lako, uipeleke.

ZOEZI

Chukua barua moja uliyo nayo deni la kuiandika, hasa ile ambayo umeiahirisha kwa sababu ni ngumu. Andika mswada wake leo bila kuogopa weusi. Kesho uupitishe katika mapimo matano. Kisha uhesabu: ni maneno mangapi yaliyofutwa, ni mangapi yaliyoongezwa, na je, lile jambo gumu bado limo? Kama halimo, rudi mwanzo.

Katika aya zilizo miongoni mwa za kwanza kabisa kuteremshwa, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba Yeye ndiye aliyefundisha kwa kalamu. Anayeshika kalamu ameshika kitu ambacho Mola amekinasibisha na mafundisho Yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuandika kwa uadilifu, atupe ushujaa wa kufuta tunachokipenda na ushujaa wa kubakiza tunachokiogopa, na azifanye karatasi zetu ziwe ushahidi kwetu, wala zisiwe ushahidi juu yetu. Amin.